Mbona Daktari Anatungoja Sisi?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri mbele ya vijana wanaojifunza kuandika uhakiki wa filamu na gemu, hapa Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, nao wakaniomba niiweke yote. Picha nilizoonesha ukutani sikuziweka hapa. Maneno nimeyaacha kama yalivyotoka, pamoja na pale nilipopotea njia nikarudi.

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi wa nyuma mnaojificha kwenye nguzo, hamjambo? Sogeeni. Leo hakuna mtihani.

Nimeombwa nizungumzie uhakiki. Nikaambiwa nina dakika 40 na nisitumie maneno magumu. Dakika nitajitahidi. Maneno magumu yasiwatie hofu, maana nitaanza na bibi yangu, na yeye maneno magumu hakuwa nayo kabisa.

Ilikuwa Aprili 2020. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Shule zilifungwa katikati ya Machi, nyumba imejaa watoto, ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, mtu akikohoa sote tunatazamana. Nilikuwa nimenunua gemu mpya ili niiandikie. Nikaiweka kwenye laptopu, laptopu nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni, watoto wakajaa mkekani. Bibi akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ungo mapajani, akijifanya anachambua mchele.

Gemu yenyewe inaitwa The Complex. Ilitoka tarehe 31 Machi mwaka huo, ikatolewa na Wales Interactive, kampuni ya huko Wales ambayo imejijengea jina kwa gemu za aina hii. Aina gani? Hakuna katuni humo. Hakuna askari wa kuchorwa wanaorukaruka. Ni filamu, wanaigiza watu wa nyama na damu, isipokuwa kila baada ya muda picha inakufikisha njia panda: maneno mawili au matatu yanatokea chini ya kioo, na mstari wa muda unaanza kupungua. Fanya hivi, au fanya vile. Ukibonyeza, filamu inaendelea na njia uliyoichagua. Usipobonyeza, inajichagulia.

Hadithi ni ya kisayansi ya kubuni. Daktari Amy Tennant, anayeigizwa na Michelle Mylett, amebuni nanoseli, yaani vichembe vya kutengenezwa maabara, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vya kuingia mwilini na kutibu kutoka ndani. London inashambuliwa kwa silaha ya kibaiolojia. Amy anajikuta amefungiwa ndani ya maabara pamoja na mwenzake wa zamani, Rees, wakati hewa inapungua na nje kuna watu wenye silaha. Sasa hebu fikirini. Gemu inahusu watu waliofungiwa ndani kwa sababu ya maambukizi, inaingia sokoni siku nane baada ya Uingereza yenyewe kuamriwa kukaa ndani! Waliirekodi kabla hata ugonjwa haujajulikana. Kuna bahati ambayo hujui uicheke au uililie.

Lakini bibi hakuyajali hayo. Mwanzoni kabisa mwa hadithi Amy yuko katika nchi ya vita, watu wamepigwa kwa silaha za kemikali, wagonjwa wako mbele yake na dawa haitoshi. Lazima uchague nani atibiwe. Picha ikasimama pale. Daktari akawa anatazama tu, mkono umening'inia, mstari unapungua. Watoto wakapiga kelele: huyu! Hapana, yule! Mimi nimeshika kipanya, jasho linanitoka. Ndipo bibi akainua kichwa kutoka kwenye mchele wake akasema, "Huyu daktari mbona anatungoja sisi? Yeye si ndiye aliyesoma?"

Watoto walicheka mpaka muda ukaisha na gemu ikajichagulia. Nami nilicheka. Usiku, nilipoketi kuandika, sikuwa nacheka tena. Nilikuwa nimesoma tahakiki za watu wa Uingereza na Marekani, nyingine ndefu kweli kweli, na hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo waziwazi hivyo. Mbona anatungoja sisi?

Naomba mlishike swali hilo. Nitalirudia mpaka mchoke.

Wahakiki waliipokeaje The Complex? Waligawanyika. Si kwamba nusu waliipenda na nusu wakaichukia. Mhakiki mmoja mmoja aligawanyika ndani ya nafsi yake. Aya ya pili anasifu: picha safi, seti ya maabara inaaminika, Kate Dickie akiwa bosi wa kampuni anatisha bila kupaza sauti. Aya ya nne analalamika: mazungumzo mazito, wanasayansi wanaelezana mambo ambayo kila mmoja wao anayajua, uchaguzi mwingine hauoneshi umebadilisha nini. Aya ya mwisho anatoa alama za katikati na kuondoka. Ukisoma tahakiki kumi utadhani zimeandikwa na watu ishirini.

Kwa nini? Kwa sababu mhakiki amesimama na mizani mbili mikononi. Mkono mmoja ana mizani ya filamu, anayopimia uigizaji, maandishi na uhariri. Mkono wa pili ana mizani ya gemu, ya kupimia mchezaji anafanya nini, anapewa uhuru kiasi gani, akirudia anapata nini. Kitu kikionekana chepesi kwenye mizani ya filamu anasema, "Lakini hii ni gemu." Kikionekana chepesi kwenye mizani ya gemu anasema, "Lakini hii ni filamu." Mshika mbili, mnajua wenyewe mwisho wake.

Niwape kisa cha mtu aliyepimwa kwa mizani zote mbili, kazi ileile.

Mwaka 1994 kampuni ya Origin Systems ya Marekani ilitoa gemu iitwayo Wing Commander III. Mwongozaji ni Chris Roberts. Gemu ya kurusha ndege za vita angani, mbali na dunia, dhidi ya viumbe wenye sura za paka wakubwa. Roberts aliichukua hadithi hiyo akaajiri waigizaji wa kweli wa sinema: Mark Hamill, yuleyule wa Star Wars, Malcolm McDowell, John Rhys-Davies. Gemu ikajaa diski nne za CD, wakati huo watu wengi wakishangaa hata diski moja. Baina ya vita na vita unatazama filamu na unachagua Hamill ajibu nini, amkaripie rubani wake au amtie moyo. Wahakiki wa gemu waliipokea kwa shangwe. Walisema hapa ndipo gemu zinapoelekea, sinema na gemu zimeoana.

Iliyofuata, ya nne, ilitengenezwa kwa mamilioni zaidi ya dola. Nayo ikasifiwa.

Mwaka 1999 Roberts huyohuyo akaifanya Wing Commander kuwa filamu ya ukumbini. Ulimwengu uleule, vita vilevile, paka walewale. Hamill akabaki sauti tu. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana Freddie Prinze Jr. Wahakiki wa filamu waliichana vipande. Uigizaji mbovu, paka hawatishi, hadithi haina uhai. Ukumbini haikudumu.

Mnaona? Mazungumzo yaleyale makavu ambayo mwaka 1994 yalisameheka, mwaka 1999 yalionekana uchi. Mtu wa haraka atasema wahakiki wa gemu walikuwa na viwango vya chini. Liko jambo la namna hiyo, sikatai. Wengi wetu tuliolelewa na gemu tukiona sura ya binadamu halisi kwenye kioo tulikuwa tunafurahi kama watu waliotembelewa na mgeni. Lakini hilo si lote. Rudini kwa bibi. Katika gemu ya mwaka 1994, Hamill alikuwa anakungoja kwa sababu. Wewe ndiye rubani. Umetoka kupigana dakika 20 kwa mikono yako mwenyewe, mwenzako amekufa kwa sababu ulichelewa kugeuka, na sasa uko mbele ya kamanda unatakiwa kusema neno. Neno ni lako. Ulipoondolewa na kuketishwa kwenye kiti cha ukumbi, kilichobaki ni kijana asiyejua kuigiza na paka wa mpira.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Hii ni filamu au ni gemu?" mwambie swali hilo halikufikishi popote. Muulize: nikishika pedi hii, mimi ni nani humo ndani?

Sasa nije kwenye jambo la pili, na hili linaniuma kidogo kwa sababu nami nimelifanya. Kuhesabu miisho.

Tahakiki nyingi za gemu hizi zinaanza kama tangazo la bei: ina miisho kadhaa, matukio kadhaa, njia kadhaa. Wakati Bandersnatch, filamu ya kuchagua njia, ilipotoka Netflix tarehe 28 Desemba 2018, magazeti yalijaa hesabu. Miisho mikuu mitano! Vipande vya picha 250! Njia zikizidishwa zinafika idadi ambayo mwalimu wangu wa hisabati angehitaji ubao wa pili! Halafu mtu anaandika kwa hasira kwamba amegundua njia nyingi zinarudi palepale. Ametapeliwa.

Ametapeliwa? Twendeni Montreal, mwaka 1967.

Katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Kanada mwaka huo, banda la Czechoslovakia lilikuwa na ukumbi wa sinema wa ajabu. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na kijani. Aliyebuni ni Radúz Činčera, na wenyewe waliuita Kinoautomat. Filamu inamhusu Bwana Novák, mpangaji mpole katika jengo la ghorofa. Filamu inaanza na moto: nyumba inaungua. Halafu inarudi nyuma kuonesha ilikuwaje. Mara jirani, mwanamke aliyejifunga taulo tu, amejifungia nje ya chumba chake, anagonga mlango wa Novák. Na mke wa Novák yuko njiani anarudi. Amfungulie au asimfungulie?

Picha inasimama. Mwigizaji mwenyewe, Miroslav Horníček, anatoka kwa miguu yake jukwaani, mbele ya watu, anauliza: mabibi na mabwana, nifanyeje? Watu wanabonyeza. Kura zinahesabiwa, walio wengi wanashinda.

Siri yake ilikuwa hii. Uchague utakalo, njia zinakwenda kidogo kisha zinakutana tena, na mwisho wake nyumba inaungua. Mafundi walikuwa na projekta mbili zinazokwenda sambamba. Kura ikitoka, moja inafunikwa na nyingine inaachwa. Basi. Hakuna mti wenye matawi elfu. Ni barabara moja yenye visiwa katikati, ukipita kushoto au kulia mtakutana mbele.

Na watu waliipenda! Walipanga foleni. Kwa nini hawakujiona wametapeliwa? Kwa sababu tangu dakika ya kwanza walioneshwa moto. Mzaha ulikuwa juu yetu sisi tunaopiga kura kwa bidii tukiamini tumezuia jambo. Mtu kutoka nchi ya chama kimoja akiwachezea raia wa nchi za kupiga kura mchezo wa kura! Mimi huo naona ni uhakiki wa hali ya juu kuliko tahakiki zetu nyingi.

Mbona Novák anatungoja sisi? Kwa sababu anatucheka.

Na kwetu? Tusijifanye wageni. Nani hapa hakusimuliwa kisa cha vijana watatu wanaomposa binti mmoja? Mmoja ana kioo cha kuona mbali, anaona binti amekufa. Wa pili ana mkeka unaopaa, unawafikisha wote. Wa tatu ana dawa ya kufufua, anamfufua. Msimulizi ananyamaza, anavuta kanga begani, anauliza: haya, nani amwoe? Kisa kimekwisha hapo. Mwisho hakina. Miisho: sifuri! Mhakiki wetu wa kuhesabu angempa msimulizi huyo alama ngapi? Lakini usiku huo hakuna aliyelala. Wa kioo wanagombana na wa mkeka mpaka asubuhi, na ndani ya ugomvi huo ndugu wanafahamiana: kumbe kaka yako anathamini dawa kuliko habari; kumbe dada yako anaona wote watatu ni washenzi kwa sababu binti hakuulizwa.

Nisiwadanganye. Kuna gemu ambazo kweli zinatapeli. The Complex inafuatilia uhusiano wako na kila mhusika, pamoja na tabia yako kwa jumla, na unaweza kusimamisha ukaona umefikia wapi. Nilipocheza mara ya kwanza nilimjibu Rees kwa hasira kwa sababu aliniudhi. Mara ya pili nilimjibu kwa upole ili kuona njia nyingine. Mara ya tatu nilikuwa namtazama machoni mwigizaji huyu, Al Weaver, anayejitahidi kweli kuonesha hofu, na mimi nawaza namba zake zimepanda au zimeshuka. Mtu amegeuka akaunti ya benki. Hapo ndipo wahakiki wenzangu waliposema gemu inachosha ukiirudia, na ninakubaliana nao. Ila walisema inachosha kwa sababu matukio mengi ni yaleyale. Mimi nasema hapana. Filamu nzuri nairudia mara kumi, matukio ni yaleyale. Kilichochosha ni kwamba kila niliporudi, nilikuwa mtu mbaya zaidi. Nilikuwa mpiga hesabu.

Maji kidogo, samahani.

Jambo la tatu ni la ukumbi. Tahakiki hizi zinaandikwa na mtu mmoja, usiku, peke yake, chai imepoa pembeni. Je, gemu ya namna hii ni kitu cha mtu mmoja?

Mwaka 1995 huko Marekani ilitolewa filamu fupi ya kupigia kura ukumbini, Mr. Payback, iliyoandikwa na Bob Gale, mmoja wa waandishi wa Back to the Future. Shujaa wake ni nusu mtu nusu mashine, kazi yake kuwaadhibu wakorofi, na watazamaji wanachagua adhabu kwa vitufe vilivyofungwa kwenye kiti. Roger Ebert, mhakiki wa filamu ambaye wakati huo kalamu yake ilikuwa inaweza kuujaza au kuumaliza ukumbi, aliipa nusu nyota. Nusu! Hoja yake haikuwa tu kwamba filamu ina utani wa chooni, ingawa unao. Alisema hatuendi sinema ili tuitendee filamu jambo. Tunakwenda ili filamu ndiyo itutendee sisi, tupotee ndani yake. Kila unapoombwa kubonyeza, unaamshwa usingizini.

Hiyo ni hoja nzito, na kwa miaka mingi imekuwa kivuli juu ya kila gemu ya aina hii. Miaka 15 baadaye, mwaka 2010, Ebert alikuwa bado anashikilia kwamba gemu haziwezi kuwa sanaa, na wasomaji wakamshambulia kwa maelfu.

Mimi namheshimu mzee yule. Lakini hakukulia hapa. Hakuwahi kuketi kwenye benchi la kibanda umiza, vile vibanda vya kuonesha video mtaani.

Nani hapa amekaa kibanda umiza? Inueni mikono. Eeh, mpaka wazee! Basi mnajua. Filamu inatoka Hong Kong au Marekani, na juu yake sauti ya mtafsiri, Lufufu au mwingine, ambaye hatafsiri tu: anamwonya shujaa, anamtania adui, anamleta Kariakoo. Jirani zetu wa Kenya wana DJ Afro wao. Na ukumbi unajibu! "Nyuma yako, mjinga wewe!" Hakuna kitufe hata kimoja na watu mia wanaicheza filamu. Tulikuwa hatupotei ndani ya filamu kwa kunyamaza. Tulipotea ndani yake kwa kelele. Kwa hiyo Ebert anaposema kushiriki kunaua sinema, mimi nauliza: kushiriki kupi? Kubonyeza kitufe gizani na kusubiri mashine ihesabu ni kitu kimoja. Kumpigia kelele mtu aliye hatarini ni kitu kingine.

Kuna jambo dogo katika The Complex ambalo wahakiki wengi walilipita kwa haraka: unaweza kuiambia gemu isimamishe saa wakati wa kuchagua, ili mtu anayeirusha mubashara awaulize watazamaji wake. Ni kistari kimoja kwenye orodha ya mipangilio. Kwangu kile ndicho kitu cha kwanza kukiandika. Sebuleni kwetu, mstari wa muda ukiwepo, aliyeamua ni mwenye kipanya. Nilipousimamisha, waliamua wote, na mtoto mdogo kuliko wote, wa darasa la tatu, alisema dawa apewe mgonjwa fulani kwa sababu "yule mwingine ana ndugu yake wa kumlilia, huyu hana mtu." Sebule ilinyamaza. Tahakiki gani iliyopima hilo?

Za vurugu nitazipitia tu. Mnajua Night Trap, gemu ya waigizaji halisi iliyoitwa mbele ya maseneta wa Marekani mwezi Desemba 1993 kana kwamba imeua mtu. Kisa chake kilifanya miaka mingi mtu akisikia gemu yenye waigizaji halisi akumbuke kashfa au vichekesho. Kwingine huko tusikae leo.

Mnaniuliza, basi, je, wapo waliowahi kulijibu swali la bibi? Wapo. Bandersnatch niliyoitaja, pamoja na hesabu zake zote. Inaanza kwa kukuchagulisha nafaka za kifungua kinywa, upuuzi mtupu, sekunde kumi, ili uzoee kubonyeza. Halafu polepole kijana Stefan, mhusika wake mkuu, anaanza kuhisi kuna mtu anayeuongoza mkono wake. Anatazama juu. Anauliza ni nani huko. Mbona ananitawala? Bibi aliuliza kwa nini daktari anatungoja. Stefan anauliza kwa nini sisi hatumwachi. Mwaka 2019 ilipata tuzo mbili za Emmy, moja ikiwa ya filamu bora ya televisheni. Na Mei 2025 Netflix wakaiondoa. Fikirini hilo kama wahakiki: kazi ilishinda kila mjadala, na leo ukitaka kuionesha hapa huna pa kubonyeza. Tahakiki zimebaki, kazi imeondoka. Tunapoandika, tuandike kwa undani, huenda tunaandika wosia.

Na nyingine, ingawa si ya sayansi ya kubuni: Her Story ya Sam Barlow, mwaka 2015. Mwigizaji mmoja, Viva Seifert, anahojiwa na polisi, vipande vya video vimehifadhiwa kwenye kompyuta ya zamani. Wewe unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, inakuletea vipande ambavyo neno hilo limetamkwa. Hakuna njia panda. Hakuna anayesimama mkono umening'inia. Kompyuta ndiyo inayokungoja, na kazi ya kompyuta ni hiyo! Wahakiki waliisifu karibu kwa sauti moja, na sidhani ni kwa sababu uigizaji ulikuwa mara kumi ya ule wa Mylett. Ni kwa sababu ukiketi pale, unajua wewe ni nani.

Narudi kwenye The Complex, maana nimeisema sana na sijawaambia nimeipa nini.

Nilipoiandikia niliipa sita kati ya kumi, nikajificha nyuma ya maneno "wapenzi wa aina hii watafurahi." Sentensi ya uoga ile. Leo ningeandika tofauti. Ningeandika kwamba sehemu ya kwanza, kule vitani, ni miongoni mwa vipande bora nilivyowahi kucheza, kwa sababu dawa haitoshi na hakuna jibu la kitabuni, na hata daktari aliyesoma angesita. Bibi, samahani, pale ana haki ya kutungoja. Ningeandika kwamba tukishafika maabara mambo yanageuka: mnafungua mlango upi, mnamwambia bosi nini, mnapita wapi. Hayo Amy anayajua kuliko mimi. Nikiulizwa, najibu kwa kubahatisha, na kubahatisha hakuna uzito wowote. Gemu inaanza na swali la moyo kisha inaendelea na maswali ya fundi. Hakuna alama ya sita au saba inayoweza kusema hivyo.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, uzee tu. Ule mchele, kwa taarifa yenu, ulikuwa na mawe.

Dakika zangu zimebaki chache, na kaka wa mitambo ananionesha kidole kwamba laptopu iko tayari. Nimewaletea mwanzo wa gemu, ile sehemu ya vitani. Saa nimeisimamisha. Sitabonyeza mpaka mmekubaliana, na upande utakaoshindwa utasimama useme kwa nini. Wa nyuma, tokeni kwenye nguzo. Zima taa, kaka. Wagonjwa ni hao. Haya, nani apewe dawa?